Changamoto Zenu Nimezichukua

Kwetu Kipili, kando ya ziwa, mahafali bila mgeni rasmi ni kikao cha wazazi tu. Ndiyo maana kamati ya mahafali ya kidato cha nne ilimwandikia mheshimiwa mmoja wa Sumbawanga barua yenye mhuri, heshima tele na ombi moja: aje awe mgeni rasmi. Saa ya kufika haikutajwa. Nani atatia mafuta, kimya. Azungumze nini, kwa muda gani, kimya. Na kwamba tunamwita kwa ajili ya vyoo, jambo ambalo hata watoto walilijua, ndilo lililofichwa kuliko yote. Eti si adabu kumwandikia mkubwa habari za choo.

Saa nne turubai lilikuwa tayari. Saa sita simu ya mgeni ikaita kutoka njiani, Namanyere.

"Mwenyekiti, huku gari limeishiwa mafuta. Mmejipangaje?"

Mwenyekiti akamtazama mama mweka hazina. Mama mweka hazina akalitazama ziwa. Hela ya soda ikatumwa kwa simu, meza kuu ikapangiwa maji.

Bahati nzuri, watu wa mwambao huu tumelelewa na Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kumsubiri mtu mwenye gari ni mchezo.

Mheshimiwa akashuka saa tisa na koti zito la baridi ya Ufipa. Joto la ziwa halijui itifaki: kufikia salamu za mwenyekiti wa kijiji, kola ilikuwa imelowa, na leso aliyopewa na mama mmoja ilikuwa inakamuliwa chini ya meza.

Binti akasoma risala. Madawati, sola, uzio, na matundu ya vyoo, hapo akapandisha sauti kama alivyofundishwa. Mheshimiwa akasimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akatusimulia maisha yake. Alipofika darasa la tano, pilau ilikuwa inapashwa mara ya pili. Mitihani ya wahitimu hakuigusa. Nani alimwomba aiguse?

Mwishoni akatangaza: "Ndugu zangu, changamoto zenu nimezichukua."

Tukapiga makofi. Akachukua na furushi la migebuka mikavu, zawadi ya kamati, likawekwa kwenye buti. Gari likapandisha mlima na changamoto zote, ila choo kikabaki.

Nafasi ya mgeni rasmi wa mwakani iko wazi, na safari hii kila kitu kimo kwenye barua. Saa nne ni saa nne. Mafuta ya kurudi ni yetu, ya kuja ni yako. Hotuba dakika kumi na tano, ihusu mitihani. Matundu ya vyoo yametajwa aya ya kwanza, kabla ya salamu. Migebuka utapewa choo kikishaezekwa.