Usiku wa Majoka na Beberu wa Idi

Sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa tamthilia ya House of the Dragon ilirushwa Marekani saa tatu usiku, Jumapili ya tarehe 16 Juni 2024. Kwetu Kondoa ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa Idi ya kuchinja. Basi nyumba iliyopaswa kulala hadi adhana, iamkie swala na wageni, ilikuwa macho tangu saa tisa na nusu ikisubiri majoka.

Hamu tulikuwa nayo. Msimu wa kwanza uliisha Oktoba 2022, kijana Lucerys akiwa ametafunwa angani, yeye na kijoka chake, na Vhagar, joka kongwe la mjomba wake Aemond. Mama mkwe wangu hajui Kiingereza, lakini kisa alikishika mapema kuliko sisi sote. "Hii ni mirathi," alisema. Na ndivyo ilivyo. Mfalme Viserys alimrithisha kiti binti yake Rhaenyra, wakuu wa nchi wakala kiapo; alipokata roho, taji likavikwa Aegon, mdogo wake wa kiume kwa mama mwingine. Kwetu hiyo si ngano. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamweka mtoto wa kike daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, na sisi tumeona mashamba ya alizeti yakigawanywa huku binti aliyemuuguza baba akiambulia khanga na pole. Ndiyo maana wifi yangu ni wa upande wa Rhaenyra kwa moyo wake wote. Mume wangu yuko na Aegon. Anasema taji likishavaliwa limevaliwa, na kwa neno hilo ameshanyimwa chai na dada yake zaidi ya mara moja.

Jioni ya Jumapili beberu wa kuchinja aliletwa. Banda lilikuwa limejaa magunia ya mavuno, kwa hiyo shemeji yangu akamfunga kwenye bomba la dishi, nyuma ya nyumba.

Tukajibanza sebuleni tumejifunika mablanketi, maana Juni ya Kondoa ina baridi kali. Binti yangu, aliyetoka kumaliza kidato cha sita, akawa mkalimani wa bibi yake. Tukamwona Rhaenyra akitafuta mabaki ya mwanawe Lucerys ufukweni, hatamki neno. Tukamwona mumewe Daemon akiwalipa watu wawili, askari wa mji na mkamata panya, waingie ikulu wakamwue Aemond. Wakapita mahandaki, wakapanda ngazi, Aemond hawakumwona. Wakamkuta Helaena, mke wa Aegon, na watoto wake.

Hapo picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi.

Nje tukasikia kishindo. Beberu alishtushwa na mbwa wa jirani, akalizunguka bomba mpaka kamba ikaisha, akavuta kwa nguvu zake zote. Bomba likalala chini, dishi likageukia jikoni, kamba ikafyatuka, na mnyama akatoka mbio kuelekea njia ya msikitini, kebo imemzunguka pembe. Mume wangu na shemeji wakamfuata na tochi za simu, misuli wameikunja magotini. Walimkamata kwa msaada wa wazee waliowahi msikitini.

Sebuleni mama mkwe hakuuliza habari za beberu. "Mjukuu wangu, yule mama wakamfanyaje?"

Binti yangu alikuwa amekisoma Fire & Blood, kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 2018. Akasimulia gizani, polepole, kama kilivyo kitabuni. Kwamba Helaena ana watoto watatu, mapacha wa kike na kiume, na mdogo wao Maelor. Kwamba wauaji wanamwamuru achague ni yupi kati ya wavulana wawili afe. Anamtaja Maelor kwa kuwa ni mchanga, hataelewa. Nao wanamnong'oneza kitoto kile kwamba mama yake anataka afe, kisha wanamwua kaka yake.

Wifi alikuwa analia. Mama mkwe alikaa kimya, halafu akasema: "Usiku wa leo Mungu alimrudishia Ibrahimu mwanawe, akampa mnyama badala yake. Huyu mama hakupewa mnyama."

Adhana ikaita, tukainuka.

Beberu alichinjwa baada ya swala, sehemu ya nyama ikaenda kwa majirani. Alasiri fundi akasimamisha bomba, na usiku tukaangalia marudio. Maelor hayumo. Helaena anaulizwa tu yupi kati ya mapacha ni wa kiume. Anatoa mkufu wake, wanaukataa, anaonyesha kwa kidole. Mume wangu aliwatetea waandaaji: mtoto mdogo ni kazi ngumu mbele ya kamera. Ni kweli. Lakini mama mkwe alishahukumu: "Huyu kalazimishwa kuonyesha. Yule kalazimishwa kuchagua." Septemba mwaka huohuo Martin mwenyewe akaandika hadharani kwamba bila Maelor tukio limepungua, na la kitabuni lina nguvu zaidi.

Nami niko upande wa mama mkwe na Martin. Uigizaji ni wa hali ya juu, na ile huzuni ya Rhaenyra ufukweni bado ninayo. Ila uchungu mkubwa wa Helaena umeachwa kitabuni. Mwenye kijana anayesoma Kiingereza amwombe amsimulie sura hiyo kabla ya kuwasha televisheni.