Mgagani Wangu Umegoma

Jamani, mboga ya bure imenitoa jasho kuliko kodi ya chumba. Mgagani huu huu unaoujua. Unaota jalalani, unaota kando ya zizi penye samadi, unaota nyuma ya choo cha jirani na hakuna aliyeukaribisha. Nikasema, kwa nini kila jioni nimpelekee hela bibi wa genge? Fungu lenyewe likipigwa moto linanywea, linabaki tonge mbili. Napanda wangu!

Nikachuma yale maganda membamba, nikapukuchua mbegu, nikazimwaga siku hiyo hiyo zikiwa freshi. Nikamwagilia. Maji ya boza hayo, ya kununua kwa ndoo, nimeacha kufulia shati. Kimya. Mtoto wa mwenye nyumba kila asubuhi: "Anko, unamwagilia nini?" Nimjibu nini sasa? Namwagilia tu, kwani kosa?

Bwana shamba mmoja tuliyebanana naye kwenye daladala akacheka mpaka konda akageuka. Eti mbegu mpya ya mgagani huwa imelala, uiweke ndani miezi kadhaa ndipo iamke. Imelala! Mimi nahangaika na ndoo, yenyewe imejilalia. Na ya jalalani mbona iko macho? Eti ile ilidondoka msimu uliopita. Abiria wote wanasikiliza.

Nikaona isiwe tabu. Nikang'oa miche jalalani, usiku, maana mchana watu wana midomo. Nikaipanga kwenye tuta langu kama gwaride. Kulipokucha yote chali. Bibi wa genge akapita, akaitazama, akanitazama. "Mwanangu, huu una mzizi mmoja mrefu unashuka chini, ukiung'oa umeuua. Unasiwa hapo hapo." Akaenda jalalani, akachuma iliyobaki, akafunga mafungu, akarudi kuniuzia. Mimi! Nikanunua, ningefanyaje, njaa inauma.

Kupika nako. Wenye akili wanachemsha kwanza, wanamwaga maji ya uchungu. Mimi mtu kaniambia vitamini zinaondoka na yale maji, basi nikakausha na kila kitu humo humo. Uchungu ukanipanda hadi masikioni. Mpangaji wa chumba cha pili, Mluo wa Kisumu, akasema kwao wanauita dek, wanaupika, wanautia maziwa, wanaulaza humo mpaka ulainike. Wakisii nao wana chinsaga yao, ni huo huo. Maziwa! Chai yenyewe nakunywa ya rangi, leo ninyweshe majani?

Mke wangu akaninyang'anya mwiko. Akachemsha upya, akamwaga maji, akatia karanga za kusaga kama wanavyofanya Dodoma. Harufu ikabadilika, uani pote watu wanapitapita mara nyingi kuliko kawaida. Nikasema ngoja ninawe mikono nije nile kwa nafasi.

Narudi, mpangaji anapangusa sufuria kwa tonge la mwisho. Akasema, "Umeiva, ndugu yangu. Lakini mngeuacha hadi kesho ungenoga zaidi."