Sifa za Oda Iliyopotea Njia

Zipo kero nyingi hapa Chanika ambazo zimekwisha kuandikiwa barua na kupigiwa kelele kwenye mikutano ya mtaa: vumbi la kiangazi, bei ya mahindi, na bomba linalokoroma usiku kucha kisha likatoa tone. Kero moja tu haijapata mtetezi, nayo ni oda ya intaneti iliyopelekwa kwenye nyumba ya mtu asiyeiagiza. Watu huinung'unikia tu. Hawakai chini wakaitazama kwa haki. Makala haya yanakusudia kuiondolea dhuluma hiyo.

Tuanze na asili yake, maana ni ya kiungwana. Tanzania imejaliwa Chanika zaidi ya moja. Ipo yetu, kata ya mjini Handeni, mkoani Tanga. Ipo ya Dar es Salaam, ukishazipita Gongo la Mboto na Pugu. Ipo na ya Karagwe, mkoani Kagera, huko ambako Rwanda iko karibu kuliko Dodoma. Mkazi wa Chanika mojawapo anapiga simu kuomba intaneti ya nyumbani kwake ibadilishwe: laini ya zamani izimwe, ifungwe mpya yenye kasi. Kijana anayepokea simu anaandika "Chanika", kompyuta inamfungulia orodha, naye anachagua ya kwanza kuonekana. Kazi imekwisha. Tangu dakika hiyo nyumba moja ya Handeni imo safarini, na mwenyewe bado amelala.

Wepesi huo usidharauliwe, hasa na watu wa wilaya hii tunaojua gharama za kuhamisha watu. Miaka ya 1970 familia zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kazi ilitaka malori, maofisa na hotuba. Mwaka 2022 kaya kutoka Ngorongoro zilipoanza kuletwa Msomera, zilitakiwa nyumba, mabasi na kamera za televisheni. Oda ya intaneti inakuhamisha kwa kidole kimoja, bila hotuba. Hufungi hata mzigo. Godoro linabaki palepale, kuku wanabaki palepale. Kinachohama ni intaneti peke yake.

Sifa yake ya pili ni moyo wa kuaminiana. Linganisha na ubahili unaotumika kulinda laini ya simu ya mkononi. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA zilianza kufungwa. Ukitaka kuhama mtandao na namba yako ileile, utaratibu ulioanza Machi 2017 unakutaka uende mwenyewe kwa wakala, ujaze fomu, na utume ujumbe kwa laini hiyohiyo unayoihamisha. Ukishuku kwamba kuna mtu amejisajilia laini kwa kitambulisho chako, unabonyeza *106# unajionea. Yote hayo ni mambo ya watu wasioaminiana. Nyumba haina kidole cha kubonyezwa, wala haina *106#. Anayetaka kuibadilishia huduma hutaja jina la mahali, naye huaminiwa kama mtume.

Tatu, oda hii imetufundisha anwani zetu. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, ili ikifika sensa ya Agosti mwaka huo, barabara ziwe na majina na nyumba ziwe na namba. Vibao vikaja, vikapigiliwa. Nyumbani kwetu kibao kilipata kazi mara moja, kwani kilikuwa na msumari imara wa kutundikia mfuko wa mkate. Hatukuwahi kukisoma. Ilipokuja oda ya Chanika ya Dar es Salaam, ukoo mzima ulikusanyika getini kukisoma kwa sauti, tena na tena, huku mtu mmoja ameshika simu sikioni akirudia kila tarakimu. Operesheni ya kitaifa ilitupatia namba. Oda ya makosa ndiyo iliyotupatia sababu ya kuijua.

Katika shughuli hiyo tukagundua na uzuri wa postikodi. Ina tarakimu tano, na ile ya kwanza hutaja kanda. Ya Dar es Salaam huanza na 1, ya kwetu Tanga huanza na 2, ya Kagera huanza na 3. Mtu mwenye haraka atasema kwamba tarakimu moja tu ingetosha kuzitenganisha Chanika zote tatu, na jambo lisingezaliwa kabisa. Ni kweli. Ndiyo maana fomu ya kampuni, kwa busara, ina kisanduku cha postikodi ambacho si lazima kijazwe.

Nne, inaleta wageni. Vijana wawili walifika na gari, ngazi na mkungu wa nyaya, wakabisha hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmetoka mbali?"

"Tanga mjini, bibi. Tumekuja kuwazimia intaneti ya zamani."

"Imefanya nini?"

"Mmeomba wenyewe, bibi. Imeandikwa hapa."

Bibi akaitazama karatasi, akawatazama vijana, akaona wana njaa. Akawaambia wanaokuja kukata kitu nyumbani kwa mtu hawakati na tumbo tupu. Wakala kande, wakashukuru, wakapanda ngazi, wakakata ya zamani, wakafunga mpya. Walipoambiwa kwamba hapa hakuna aliyeomba, mkubwa wao alijibu kwa upole kwamba yeye hutekeleza tu. Oda ikishaingia kwenye mfumo, fundi hana ubavu wa kuibishia. Aliacha namba ya huduma kwa wateja na shukrani kwa kande.

Hapo ndipo tunapofika kwenye utamu wenyewe, yaani kuisitisha. Kuiingiza oda kulihitaji neno moja. Kuitoa kunahitaji mtu mzima mwenye afya, muda na nauli. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto.

"Oda hiyo haipo kwa jina lako, kaka, kwa hiyo huwezi kuisitisha. Anayeweza ni aliyeagiza."

"Basi mpigieni aisitishe."

"Tumempigia. Anasema yeye hajafungiwa chochote."

"Ni kweli, mmefunga kwangu. Nipe namba yake tuelewane."

"Samahani kaka, taarifa za mteja ni siri."

Nani atakayelaumu jibu hilo? Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kampuni iliiheshimu kikamilifu. Ilimlinda mteja wa Dar es Salaam nisimjue. Ilimlinda hata na intaneti yake mwenyewe.

Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi siye. Vilitakiwa nakala ya kitambulisho, picha ya kibao cha nyumba, na barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri. Mwenyekiti wetu ni mtu wa msaada, lakini alikwama. Kiolezo alichonacho humtambulisha mtu kuwa ni mkazi. Cha kumtambulisha mtu kuwa si mteja hakijawahi kuletwa na halmashauri. Akafikiri, akaandika kwa mkono wake kwamba mwenye barua hii anahusika na nyumba lakini hahusiki na oda, akagonga mhuri mara mbili ili pasiwe na shaka.

Barua ikanipeleka Korogwe, kwa kuwa tawi liko huko. Naomba nitoe shukrani kwa safari hiyo pia. Lami ya kilomita 65 kati ya Handeni na Korogwe ilijengwa kwa fedha nyingi, na ni jambo la aibu mtu kuishi hapa bila kuitumia mara kwa mara. Pale tawini nilikuta mfumo haupo. Kampuni inayouza mtandao ilikuwa haina mtandao, na wote tuliokuwa kwenye foleni tulilipokea hilo kwa utulivu wa watu wazima. Mfumo uliporudi, mhudumu alinionyesha kwamba oda ilifunguliwa Dar es Salaam, hivyo lazima ifungwe Dar es Salaam. Nikapiga Dar es Salaam. Wakanielekeza kwenye tawi lililo karibu zaidi na anwani ya oda. Yaani hapo niliposimama.

Watu wengine wamejinyima raha hii. Uingereza, tangu Septemba 2024, mtu anayehama kampuni ya intaneti huongea na kampuni mpya tu. Lakini ile ya zamani hupeleka taarifa zake, na mteja hukubali kwanza ndipo kitu kiguswe. Nyumba nazo zina namba za pekee za kitaifa, ili mtaa mmoja usidhaniwe mwingine. Marekani, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilikataza kampuni za simu kumhamisha mteja bila kuthibitisha ridhaa yake. Mtu wa huko anaweza kufa mzee bila kumjua mwenyekiti wake wa mtaa.

Hata hapa nyumbani wapo waharibifu. Hao, kabla ya kukata simu, huuliza namba ya lalamiko na jina la aliyewahudumia. Kila kilichosemwa kwa mdomo hukirudia kwa maandishi, na nakala wanabaki nayo. Hawaombi oda "isitishwe", maana wamekwisha kuona kwamba hilo ni la aliyeagiza. Wanaomba anwani yao irekebishwe, kwa kuwa sheria ileile iliyomficha mteja wa Dar es Salaam inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zilizokosewa. Kampuni ikikaa kimya, wanalipeleka lalamiko kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, na namba yake juu. Nimewasikia wakisema njia hiyo hufanya kazi. Siwezi kuipendekeza. Inamaliza jambo mapema, na humnyima mtu kande, mhuri na Korogwe.

Lakini sifa kubwa kuliko zote nimeiweka mwisho, nayo inastahili kuingizwa kwenye mipango ya maendeleo. Tazameni mwendo wa vitu vinavyoletwa kwa anwani sahihi. Maji yetu huvutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa bomba kuu lililojengwa kwa jina letu kabisa, jina la Handeni. Yanajua yanakokwenda. Ramani yanayo, bajeti yanayo, na viongozi wamezindua. Hata hivyo wako akina mama wanaoamka alfajiri na madumu. Intaneti ya mtu mwingine, ambayo hakuna aliyetaka ije, ilifika na gari lake, ngazi yake na mafundi wawili, ikaingia ndani, na hakuna nguvu ya dola wala ya serikali ya mtaa iliyoweza kuirudisha.

Somo liko wazi. Kuomba tumeomba miaka mingi, kwa majina yetu na kwa mihuri, tukiwa tumesimama mahali petu. Huenda ndipo tunapokosea. Kwa hiyo natoa ombi rasmi kwa ndugu zetu wa Chanika ya Dar es Salaam, na wa Karagwe wakipenda. Mkipata nafasi ya kuongea na kampuni au ofisi yoyote, agizeni maji. Agizeni mashine ya eksirei na mtaalamu wa kuisoma. Agizeni mwalimu wa fizikia. Mkiulizwa mko wapi, semeni Chanika mnyamaze, na kisanduku cha postikodi mkiache kama kilivyo. Vitu vikija huku tutavipokea, tutawapikia mafundi, na mkidai kurudishiwa tutawaeleza kwa upole kwamba oda ikishaingia kwenye mfumo, haitoki.