Jinsi ya Kuwa Shabiki Kindakindaki Bila Kulipwa Hata Senti

Kwanza chagua timu. Kwenye Bongo Fleva kazi hiyo imerahisishwa: kama si Timu Mondi, ya Diamond Platnumz, basi wewe ni Timu Kiba, ya Alikiba, na anayedai anawapenda wote wawili ni mnafiki. Usihangaike na muziki wenyewe. Wapo waliocheza "Cinderella" ya Alikiba mwaka 2007 na baadaye wakacheza "Kamwambie" ya Diamond Platnumz kwa furaha ileile. Hao si mashabiki, ni wasikilizaji tu.

Ukishajiunga, mafanikio yote ni yenu. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake huko Marekani waliona kuwa wanafunzi husema "tumeshinda" zaidi pale timu ya chuo chao inaposhinda. Ikifungwa, wanajitoa taratibu. Waoga hao! Mondi alipoonyesha Rolls-Royce yake mwaka 2021, shabiki wa kweli aliandika "tumeshusha chuma" huku amening'inia mlangoni mwa daladala ya Gongo la Mboto. Na tuzo ya BET aliyoiwania Mondi mwaka huohuo ilipokwenda kwa Burna Boy, shabiki huyo alisema "tumeibiwa".

Sasa kazi yenyewe. Ngoma mpya ikidondoka YouTube, jiunge bando, cheza, rudia, mtumie shangazi. Ukiambiwa mpinzani kakupita kwa watazamaji, jiunge bando jingine. Tangazo linalokukera kabla ya video ndilo linaloleta hela, ila haiji kwako. (Ukitaka ya kwako, hiyo ni fani nyingine, ya kumsifia staa kwa malipo, inaitwa uchawa, na foleni yake ni ndefu.) Mchana wote uwe kwenye maoni ukitukanana na mtu usiyemjua, kwa niaba ya mtu asiyekujua. Mkizidi kutukanana, wimbo unazidi kutajwa. Usijiulize ugomvi huo unamfaa nani.

Halafu ingia nyumbani kwa staa. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watu wanaojiona wamezoeana na mtangazaji wa redio au televisheni, ilhali yeye hana habari nao. Wakati huo mtangazaji aliaga kipindi kikiisha. Staa wako anakuonyesha chai ya asubuhi, mchumba, mchumba mpya, na chumba cha mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Ndiyo maana unajua staa kamwacha nani na kwa nini, unaweza hata kuwasuluhisha, wakati dada yako kajifungua Temeke tangu mwezi uliopita na hujaenda kumpa hongera. Ukiulizwa, sema nauli imepanda.

Jiandae na hatari moja: mastaa huwa wanapatana. Siku wakipigwa picha wamekumbatiana, wanacheka, pengine wanatoa wimbo pamoja, usitetereke. Sema ni kiki, kisha nunua bando uhakikishe. Yule rafiki yako wa tangu shule ya msingi uliyembloku kwa ajili yao mwache hukohuko. Hujapata maelekezo ya kumfungulia.