Jinsi ya Kuajiri Msimamizi wa Kanzidata na Kupoteza Data kwa Uhakika

Ofisi ikishapata seva yake, swali linalofuata ni nani ataichunga kanzidata iliyomo. Wapo wanaomtafuta mtu anayeijua kazi, wakampa muda na mamlaka, wakamwacha aifanye. Njia hiyo ina ubaya mmoja: data hubaki. Kwa mwajiri anayependa kuishi roho mkononi, hatua ni hizi.

Hatua ya 1: Tangazo la kazi

Usimshirikishe mtu wa TEHAMA. Mwombe ofisa utumishi achukue tangazo la benki yoyote kubwa, abadilishe nembo. Dai shahada ya pili, vyeti vitatu, umri usiozidi miaka 28, na uzoefu wa miaka 7 wa programu ya kanzidata ya PostgreSQL 17, toleo lililotoka Septemba 2024. Kwa vigezo hivyo hata Edgar Codd angeachwa kwenye mchujo wa kwanza. Ndiye aliyechapisha mwaka 1970, akiwa IBM, makala iliyozaa kanzidata za kimahusiano tunazotumia mpaka leo. Lakini cheti cha Oracle hakuwa nacho, na kwamba kampuni hiyo ilikuja kuanzishwa 1977 si utetezi.

Mwishoni weka "na majukumu mengine atakayopangiwa na mwajiri." Kazi yenyewe iko humo.

Hatua ya 2: Usaili

Kaeni jopo la watu watano. Mwulizeni anajiona wapi baada ya miaka mitano na udhaifu wake ni upi. Swali moja tu mliepuke kama ukoma: "Mara ya mwisho ulirejesha data kutoka kwenye bakapu lini, na ilichukua muda gani?"

Mjuzi wa kazi akisikia hilo atachangamka, halafu atawageuzia kibao. Mfumo ukianguka, mko tayari kupoteza data za muda gani: dakika tano, au siku nzima? Mnataka urudi hewani baada ya saa ngapi? Nani huruhusu mabadiliko, na hufanywa usiku au mchana wateja wakiwa dirishani? Mwombaji wa aina hiyo mwandikieni "mbishi kidogo," mpeni soda, mumshukuru. Mchukueni yule aliyejibu kila kitu kwa "hakuna shida, mkuu."

Hatua ya 3: Mpe kazi za kutosha

Kwa bahati mbaya mnaweza kumpata mjuzi kimakosa. Msikate tamaa, anaharibika. Asubuhi moja atakaa kuchunguza kwa nini ripoti ya mwezi inachukua nusu saa kutoka. Atagundua kwamba jedwali la miamala halina faharasa, kwa hiyo kila ikiombwa ripoti, mfumo unasoma mstari mmoja mmoja tangu siku ofisi ilipofunguliwa. Wakati huo huo mlango uwe unafunguliwa.

"Samahani mwanangu, printa ya uhasibu imegoma tena."

"Nakuja, mama. Nipe dakika kumi tu namalizia hapa."

"Mkurugenzi kashika kalamu anasubiri kusaini."

Faharasa yenyewe ilikuwa amri ya mstari mmoja. Itasubiri mwaka ujao wa fedha.

Hatua ya 4: Paswedi moja kwa wote

Ruhusa za ngazi ngazi, huyu asome, yule aandike, ni kutoaminiana kazini. Tumieni paswedi moja ya msimamizi mkuu, ibandikwe kwenye kompyuta ya mapokezi. Siku kijana wa fildi atakapoandika amri ya UPDATE, ya kubadili salio, akasahau WHERE, ya kutaja salio la nani, na wanachama wote wa SACCOS wakaamka na salio la shilingi 50,000, hakuna atakayejua ni nani. Waliokuwa na shilingi 3,000 watawaombea dua.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya, kwa sheria yake ya 2019, taarifa za watu zikivuja na kuwaweka hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Saa hizo zinatosha kabisa kwa kikao cha kutafuta wa kulaumiwa.

Hatua ya 5: Bakapu iwepo, isijaribiwe

Nunueni diski ya nje, iwekwe juu ya seva ile ile, ili moto au mwizi asipate taabu ya kuingia vyumba viwili. Msimamizi akiomba seva ya majaribio, arejeshe data kila mwezi aone kama zinafunguka, mwambieni bajeti imefungwa.

Mtafika mbali, kama walivyofika wenzenu. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu programu zao, alikuwa akihangaika na seva ya pili iliyoshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Akakusudia kufuta folda ya data kwenye ile ya pili. Kumbe anaandika kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasitisha. Katika gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5.

Wakazikimbilia njia zao za akiba. Zilikuwa tano, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Nakala za kila siku hazikuwapo: programu ya kuzichukua ilikuwa toleo la 9.2, kanzidata toleo la 9.6, basi kila zamu ikawa inagoma. Barua pepe za kutahadharisha kwamba imegoma nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliponea nakala aliyoichukua mhandisi kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichoingia kwenye kanzidata ndani ya saa hizo kilikwenda, pamoja na akaunti mpya zipatazo 700.

Baada ya hapo GitLab walikosea sana: walirusha kazi ya urejeshaji mubashara YouTube, wakachapisha kila kasoro, na wala hawakumtoa kafara mhandisi wao. Msiige.

Hatua ya 6: Mwondoe

Mwaka ukipita salama, ulizeni kwenye kikao: "Huyu hasa anafanya nini hapa?" Mfumo ukianguka, ulizeni: "Huyu alikuwa wapi?" Majibu yote mawili yanaishia kwenye barua ile ile. Akitaka wiki moja ya kumwonyesha mwenzake namna ya kurejesha data, mwambieni akabidhi funguo na kitambulisho, inatosha. Bakapu itaendelea kujiandika kila usiku saa nane hadi diski ijae, na tahadhari itatumwa, kama alivyoipanga, kwenye barua pepe yake ya kazini, ambayo mtakuwa mmeshaifunga.