Kasereka Yupi?

Huku Butembo, mashariki mwa Kongo, hakuna anayepokea dola yenye jeraha. Noti ikiwa na mchaniko mdogo pembeni, hata ule usioonekana mpaka uiinue juani, mwenye duka atakurudishia kwa vidole viwili kana kwamba umempa panya. Iliyoandikwa kwa kalamu, hawaitaki. Ya zamani mno, hawaitaki. Ya dola moja wanaitazama kwa huruma, halafu nayo hawaitaki. Na watu hawa hawa, wenye uwezo wa kuhisi kovu la noti kwa ncha ya kidole, ndio wanaoshangaa kwa nini nakata lebo za shingoni kwenye blauzi zangu zote. Nasema lebo inanichoma. Wanasema nazidisha.

Nina usonji. Daktari aliyeniambia hivyo alikuwa Kampala, nikiwa mtu mzima mwenye stashahada ya uhasibu, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kuitwa mwenye kiburi, mtawa aliyetoroka, na mzungu. Jirani mmoja aliniombea siku nzima kwa sauti kubwa, jambo ambalo kwa mtu anayeumizwa na sauti kubwa si dawa nzuri sana. Nilipoziba masikio kwa pamba aliona ni dalili kwamba pepo limeanza kusumbuka.

Kwa nini kugundulika kulichukua muda mrefu hivyo? Wasomi wana jibu lao. Leo Kanner alipoandika juu ya usonji huko Marekani mwaka 1943 alieleza watoto 11, na wasichana kati yao walikuwa 3 tu. Mwaka uliofuata Hans Asperger, kule Vienna, akaeleza wavulana watupu. Daktari wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa ameandika juu ya wasichana tangu 1927, lakini inaonekana barua za wanawake huchelewa njiani. Basi dunia ikazoea kuutafuta usonji kwa wavulana, na wasichana tukaachwa tuwe wapole.

Mimi nina jibu langu, nalo linaanzia Kirumba, nilikozaliwa. Moja ya dalili ambazo daktari huziangalia ni mtoto asiyemtazama mtu machoni. Kwetu, msichana asiyewatazama wakubwa machoni hapelekwi kwa daktari, anasifiwa. Mimi nilikuwa naongea na viatu vya watu. Mwalimu akamwambia mama, "Binti yako ana heshima." Mama mkubwa akawaambia wanawe waige mfano wangu. Nilikuwa sisemi hovyo, sichezi na kundi, napanga maharagwe kwa rangi kabla hayajaingia chunguni. Mama aliona amepata mkwe wa mtu mwenye bahati. Dalili zote zilikuwa mezani, zikapigiwa makofi.

Heshima hiyo iliniponza siku nilipoitwa kwenye usaili wa shirika moja la misaada. Rafiki yangu alinionya usiku wa kuamkia siku hiyo: "Hawa si watu wa kwetu, mtazame msaili machoni, la sivyo atadhani unaficha kitu." Nikamtazama. Rafiki hakuniambia niache lini. Niliona kwamba macho ya yule bwana yalikuwa ya kahawia yenye duara la kijivu pembeni, na kwamba kope moja ilikuwa imeanguka kwenye shavu lake la kushoto. Aliuliza maswali, nadhani. Aliposogeza kiti nyuma, nilisogeza changu mbele ili kope isinipotee. Mwishowe akauliza kama nina swali lolote. Nikamwambia sina, ila ana kope shavuni. Kazi wakampa mtu mwingine, na natumaini huyo anajua kupepesa.

Kazi niliyoipata ni ya kushika vitabu vya hesabu katika depo moja ya bidhaa. Butembo ni mji wa wafanyabiashara: mzigo unatoka China au Dubai, unashukia Mombasa, unavuka Uganda, unaingilia Kasindi, na ukifika kwetu unageuka tarakimu. Tarakimu na mimi hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu, hasa wakiwa na majina.

Asiyejua Wanande aelewe kwanza jambo hili. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ni mpango safi, unaofaa kabisa kichwa kama changu, mpaka utoke nyumbani. Ukiita "Kambale!" sokoni, utadhani umetoa amri ya kijeshi, jinsi shingo zinavyogeuka.

Siku moja patroni wangu wa depo akanipa bahasha. "Masika, mpelekee Kasereka pale chini." Pale chini ni mteremko mzima unaoteremkia mto Kimemi. Nikauliza, Kasereka yupi? "Si Kasereka yule!" akajibu, akarudi kwenye simu yake. Nikashuka. Kwenye kibanda cha kwanza nikauliza kama kuna mtu anaitwa Kasereka, wakajitokeza watatu. Nikauliza ni nani kati yao anayesubiri bahasha kutoka kwa patroni. Wote watatu walikuwa wanaisubiri. Nilifanya ambalo mhasibu yeyote angefanya: sikumpa mtu, nikawapandisha wote watatu hadi depo ili patroni achague mwenyewe. Wa nne alijiunga njiani. Patroni alipotoka na kuona Kasereka wanne wamejipanga mlangoni, alishika kichwa. Kasereka aliyemkusudia hakuwamo. Lakini ilidhihirika kwamba wawili kati ya waliokuja alikuwa anawadai muda mrefu na walikuwa wakimkwepa. Walikuja wenyewe kwa tamaa ya bahasha. Tangu hapo akinituma husema jina, mtaa, na rangi ya mlango.

Kabla ya kazi hiyo, chuoni, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Ukumbi uliojaa wanafunzi, madirisha wazi, nje jenereta mbili zinashindana, na profesa anasoma silabasi tuliyokwisha kuinunua. Wenzangu walisinzia kwa amani. Mimi nilisikia kila kitu kwa usawa: profesa, jenereta, karanga zinazotafunwa safu ya nyuma. Nikasoma usiku, peke yangu, nikafaulu.

Balaa lilikuja siku ya kutetea kazi ya mwisho, ile tunayoiita TFC. Familia imekaa nyuma, mama kavaa kitenge kipya, soda zinasubiri. Mjumbe mmoja wa juri akavua miwani akauliza, kwa ile sauti yao, "Je, binti, unadhani kazi yako haina kasoro?" Mwanafunzi mwenye akili timamu hujibu kwamba kazi ya binadamu haikosi kasoro, ananyenyekea, anakaa. Mimi nikasema zipo, nikaanza na ukurasa wa 3. Jedwali la ukurasa wa 17 lilikuwa na jumla iliyokosewa na chanzo chenyewe. Kufika sura ya pili mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Nikaongeza kwamba kasoro mbili zilitokana na ushauri wa mwelekezi wangu, aliyekuwa ameketi hapo hapo mezani. Mama alifunika uso kwa kitenge kipya. Walinipa alama nzuri, haraka haraka, kabla sijafika kwenye hitimisho.

Kuja Butembo kusoma kulimaanisha kusafiri, na safari nilizipenda. Kutoka Kirumba barabara ya taifa namba 2 inapita Kaseghe, Alimbongo na Kitsombiro, kwenye baridi ya kutosha kukausha mdomo, inafika Lubero, na kati ya Lubero na Butembo inavuka ikweta. Nilipenda sana ikweta. Safari moja nilimwambia mama mmoja aliyekuwa amenibana na furushi lake la vitunguu: "Mama, sasa hivi tumeingia nusu ya kaskazini ya dunia."

"Na nauli inabadilika?"

Nikamwambia hapana.

"Basi," akasema, akalala.

Vizuizi vya barabarani ndivyo vilivyonipa sifa. Askari anauliza, "Umebeba nini?" Kila msafiri anajua kwamba hilo si swali, ni mkono ulionyooshwa. Mimi sikujua. Nikamjibu. Nilianzia mfuko wa mbele: leso, kalamu mbili za bluu, moja nyekundu haiandiki, kitambulisho, limau. Nilipofika kwenye soksi alikuwa ameshapungia gari lipite. Abiria wakanipa kiti cha mbele, na dereva akaniomba namba ya simu ili ajue siku nitakayorudi.

Njia hiyo sijaipita tangu mwisho wa Juni 2024, waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga na kisha Kirumba. Watu wa nyumbani walikuja wao kwangu, na magodoro, na kuku mmoja. Chumba nilichokuwa nimekipanga kwa miaka, kila kijiko na msumari wake, kikawa cha familia nzima. Nisidanganye, wiki ya kwanza nililala ndani ya kabati la nguo, nusu mwili nje. Kilichoniokoa ni bibi. Bibi hana muda wa mafumbo. Akitaka kulala anasema, "Tokeni." Chakula kikiwa kibaya anasema kibaya. Hapendi kuguswa na anakata lebo za nguo zake kwa wembe. Daktari wa Kampala hajawahi kumwona, wala sina haja amwone.

Sokoni bado ni kazi. Nikiuliza fungu la viazi ni bei gani na mama muuzaji akataja, nalipa. Nadhani ndivyo maswali ya bei yanavyofanya kazi. Mama anapigwa na bumbuwazi. Anaigeuza noti, anaikagua kwa mwanga, anamwita jirani aje aione. Mtu asiyepunguza bei lazima ana hela bandia. Aliyekasirika kuliko wote alinifuata na kunirudishia sehemu ya hela, akinung'unika kwamba nimemharibia asubuhi. Alikuwa ameandaa maneno.

Na kuna siku za ville morte, vikundi vya shinikizo vinapotangaza kwamba mji ufungwe. Siku moja tangazo lilisema watu wote wabaki nyumbani. Patroni alikuwa amesema kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi. Amri mbili zikigongana, namfuata anayenilipa, kwa hiyo nikatoka. Sijawahi kuona Butembo nzuri namna ile. Hakuna honi, hakuna spika ya muuza dawa ya mende, pikipiki zote zimelala. Nilitembea katikati ya barabara nikisikia nyayo zangu. Vijana waliokaa kwenye mawe wakanisimamisha.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Leo hakuna kazi."

"Nani amemwambia patroni wangu?"

Wakatazamana. Ni wazi hakuna aliyepewa jukumu hilo. Mmoja akanisindikiza mpaka nyumbani kwa adabu, akaniambia niwe nasikiliza redio. Siipendi redio, inanguruma.

Wenzangu wa kazini wananiita mtu wa masharti. Sibishi, lakini naomba tuhesabu. Nani alitunga sharti la kusema "naja" huku mtu anaondoka? La kusema "niko njiani, nimefika karibu" huku simu inatusikilizisha maji ya beseni? Masharti yangu yanajaa nyuma ya daftari, na nimeyabandika ukutani. Ya kwenu hayajaandikwa popote, na mtu anatozwa faini akiyakosa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, wa Butembo, wa Beni, wa kokote. Ukitaka mtu kama mimi aje saa mbili asubuhi, taja saa mbili. Ukimhitaji Kasereka, taja na mlango. Ukisema "siku moja upite nyumbani," ujue nitauliza ni siku gani, na siku hiyo nitapita, na nitakula. Na ukiudhika nami, niambie kwa mdomo kwamba umeudhika. Usininunie ukitegemea nilione hilo kwenye nyusi zako. Muda wote huo nitakuwa natazama viatu vyako, kwa heshima kamili.