Boti ya Bosi

Mtu akitoboa kwenye dhahabu pale Geita hujenga ghorofa. Mwenye makuu zaidi hushusha boti Nkome, kwenye Ziwa Victoria: viti vyeupe, muziki, na friji ya samaki (kana kwamba sangara ziwani wanachacha). Siku ya uzinduzi mashine inapiga king'ora cha joto. Bosi anaagiza fundi wa kompyuta kutoka Mwanza. Mvuvi wa dagaa, suruali imekunjwa magotini, anauliza tu: "Samahani bosi, inakojoa?" Maana kile kijito cha maji ya kupoza kisipochuruzika nyuma ya mashine, mara nyingi ama magugu maji, wapangaji sugu wa ziwa tangu miaka ya 1990, yameziba tundu la kuvutia maji, ama mpira wa pampu umelika. Mvuvi mpira huo huukagua mara kwa mara. Bosi hukagua viti.